Kanisa linaipima nyumba, au nyumba inalipima kanisa? Uzi kuhusu familia ya Kikristo na kanisa la mahali

Mwanzisha mada

Ndugu wapendwa, salamu katika Kristo.

Nimesita kwa muda mrefu kuuanzisha uzi huu, kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa na mengi nitakayoyaandika yananigusa mwenyewe kabla hayajamgusa mwingine. Kwa miaka sita mfululizo nilikuwa mjumbe wa kamati tatu za kanisa letu, na katika wiki ya kawaida nilikuwa nyumbani jioni mbili tu, nazo nilizitumia kuandaa mihtasari ya vikao. Siku moja mwalimu wa shule ya Jumapili aliwauliza watoto ni nani anayeomba pamoja nao nyumbani kabla ya kulala. Binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alijibu kwamba baba yake huomba kanisani. Mwalimu alinisimulia jambo hilo kwa kicheko, akidhani kwamba mtoto alikuwa akijivunia baba yake, nami nikacheka naye. Usiku ule sikupata usingizi.

Hoja yangu ni kwamba tumekigeuza kipimo. Tunaipima nyumba ya Mkristo kwa mahudhurio yake kanisani, ilhali Mtume Paulo anaupima utumishi wa kanisani kwa hali ya nyumba ya mtumishi. Katika 1 Timotheo 3:4-5, akizieleza sifa za askofu, anataka awe mtu anayeisimamia nyumba yake vema, kisha anauliza ni kwa namna gani asiyejua kuisimamia nyumba yake mwenyewe ataweza kulitunza kanisa la Mungu. Tazameni swali hilo linaanzia wapi na linaelekea wapi. Mtume hasemi kwamba mtu akilitumikia kanisa kwa bidii, nyumba yake itajipa yenyewe. Sharti hilo analirudia kwa mashemasi katika mstari wa 12 wa sura hiyohiyo, na tena kwa wazee katika Tito 1:6, kwa hiyo halikumponyoka kalamuni. Sisi tunapopendekeza majina ya wazee, huuliza kama mtu anahudhuria, kama anatoa, na kama ndoa yake ilifungwa kanisani. Cheti cha ndoa tunakiona, lakini ndoa yenyewe hatuioni. Sikumbuki hata mara moja ambapo mke au watoto wa aliyependekezwa waliulizwa neno lolote.

Maandiko yana mfano mchungu wa jambo hili katika nyumba ya kuhani Eli. Wanawe, Hofni na Finehasi, hawakukulia mbali na ibada; walikulia Shilo, hatua chache kutoka madhabahuni, na wao wenyewe walikuwa makuhani. Hata hivyo 1 Samweli 2:12 inasema kwamba hawakumjua Bwana. Eli aliwakemea, ni kweli, lakini aliwakemea alipokuwa mzee sana na habari zao zilipokuwa zimeenea kwa watu wote, na shitaka analosomewa katika 3:13 ni kwamba hakuwazuia. Linaloniumiza zaidi ni Samweli mwenyewe. Yeye ndiye aliyelazimika, akiwa bado kijana, kuupeleka kwa Eli ujumbe ule mzito wa hukumu juu ya nyumba yake. Naye alipozeeka, wanawe Yoeli na Abia walipokea rushwa na kupotosha hukumu huko Beer-sheba. Maandiko hayatuelezi sababu. Yanatueleza tu, mwishoni mwa sura ya 7, kwamba Samweli alizunguka mwaka baada ya mwaka kwenda Betheli, Gilgali na Mispa, kisha akarudi Rama, kwa maana nyumba yake ilikuwa huko. Sitaki kujenga fundisho juu ya mambo ambayo Biblia imeyanyamazia, lakini kila ninapoisoma ratiba ile ya safari zake naiona ratiba yangu.

Kuna andiko jingine ambalo mara nyingi tunalihubiri kana kwamba linawahusu Mafarisayo peke yao. Katika Marko 7:9-13 Bwana Yesu anazungumzia korbani, yaani desturi iliyomruhusu mtu kutangaza kwamba mali ambayo ingewafaa wazazi wake imewekwa wakfu kwa Mungu, na tangu hapo asidaiwe tena kuwatunza. Kosa lile lilivaa vazi la ibada, na hilo ndilo lililolifanya liwe gumu kukemewa. Nani angethubutu kumlaumu mtu kwa kumtolea Mungu? Mimi naamini kwamba muda nao unaweza kuwekwa korbani. Mume anapomwambia mkewe kwamba hawezi kukaa naye wazungumze kwa sababu ana kikao cha maombi, mke afanye nini? Akilalamika, ataonekana anashindana na Mungu. Atanyamaza, na kanisa litampongeza kwa kuwa na mume mtumishi.

Mwanzisha mada (mwendelezo)

Ninaendelea kwa upande wa historia, kwa sababu wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba kanisa ni jengo na kwamba familia ni wageni wanaolitembelea jengo hilo mara moja kwa wiki. Hapo mwanzo mambo yalikuwa kinyume. Paulo anatuma salamu kwa kanisa lililo katika nyumba ya Prisila na Akila (Warumi 16:5), kwa kanisa lililo nyumbani kwa Nimfa (Wakolosai 4:15), na kwa lile lililo nyumbani kwa Filemoni. Lidia alipobatizwa huko Filipi pamoja na nyumba yake, jambo la kwanza alilolifanya ni kuwasihi mitume waingie wakae nyumbani mwake. Huko Dura-Europos, nchini Syria, wanaakiolojia walifukua mwanzoni mwa miaka ya 1930 nyumba ya kawaida ya kuishi ambayo waumini waliigeuza kuwa mahali pa ibada katika nusu ya kwanza ya karne ya 3: ukuta uliotenganisha vyumba viwili ulibomolewa ili upatikane ukumbi, na chumba kingine kikawa cha ubatizo, kuta zake zikiwa na michoro ya habari za Biblia. Kanisa liliazima sebule ya familia. (Niongeze kwamba "nyumba" katika Agano Jipya haikuwa baba, mama na watoto tu. Ilikuwa kaya nzima, pamoja na watumishi na ndugu waliotegemea kaya hiyo, kwa hiyo tusiichukue picha ya familia ya leo tukaibandika pale.)

Majengo makubwa yalipokuja, waalimu wa kanisa hawakuiachilia nyumba. Yohane Krisostomu, akihubiri juu ya Waraka kwa Waefeso mwishoni mwa karne ya 4, aliwahimiza wanandoa waifanye nyumba yao kuwa kanisa dogo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake kuhusu Kanisa ya mwaka 1964, uliiita familia kanisa la nyumbani na kuwataja wazazi kuwa watangazaji wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Kwa upande wa Waprotestanti, Martin Luther alitoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529 baada ya kuzitembelea parokia za Saksonia na kushtushwa na jinsi watu walivyokuwa hawajui hata mambo ya msingi ya imani, na juu ya kila sehemu kuu ya kitabu hicho aliandika kwamba ndivyo mkuu wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa urahisi. Hakuandika kwamba ndivyo mchungaji atakavyowafundisha.

Shule ya Jumapili nayo ina asili yake. Robert Raikes, aliyeianzisha kule Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, aliwaonea huruma watoto maskini waliofanya kazi siku sita za wiki na ambao hawakuwa na mtu wa kuwafundisha kusoma wala kumjua Mungu. Ilikuwa dawa ya watoto waliokosa mwalimu nyumbani. Leo tunaitumia dawa hiyo kwa watoto ambao wazazi wao wanajua kusoma, wana Biblia rafuni, na wana muda wa kutosha wa kutazama simu.

Naomba tujadiliane kwa utulivu. Je, katika makanisa yenu kanisa limeisaidia nyumba, au limechukua nafasi yake?

Mchangiaji wa kwanza

Mzee wangu, nimekusoma kwa makini. Mimi ni mchungaji, na kwa sehemu kubwa nakuunga mkono, lakini naomba nikuonyeshe upande ambao hukuugusa.

Kila mwaka nakutana na familia zinazolitumia neno "nyumba" kama kichaka cha kujifichia. Zitasema kwamba siku hizi zinaabudu nyumbani, kwamba kanisani kuna unafiki, kwamba baba ndiye kuhani wa nyumba yake na kwa hiyo hahitaji mtu wa kumwongoza. Ukizitembelea, unakuta hakuna ibada yoyote inayofanyika, na wakati mwingine unakuta jambo baya zaidi: baba ambaye hataki mtu yeyote aone anavyomtendea mkewe. Nimezika waumini wawili ambao majirani walijua mateso yao na sisi wa kanisani hatukujua, kwa sababu tulifundishwa kwamba mambo ya nyumbani ni ya nyumbani. Sura uliyoinukuu yenyewe inaliruhusu kanisa liingie ndani. Ikiwa nyumba ya mzee inapaswa kuchunguzwa kabla hajawekewa mikono, basi mlango wake hauwezi kuwa umefungwa kwa kanisa.

Prisila na Akila ninawapenda kwa sababu hiyo. Waliposikia Apolo akifundisha huko Efeso huku elimu yake ikiwa na upungufu, hawakumwumbua mbele ya watu; walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Ndoa yao haikuwa ngome ya watu wawili. Ilikuwa na kiti cha mgeni. Kwa hiyo nakuuliza, mzee: unapotaka ratiba ya kanisa ipunguzwe, una hakika gani kwamba jioni zitakazobaki zitakwenda kwa watoto, na si kwa hizo simu ulizozitaja?

Mchangiaji wa pili

Bwana asifiwe, wapendwa. Mchungaji na mzee, shikamooni.

Mimi ni mama wa watoto watatu, na mume wangu si mwamini. Ninaposoma maneno kama "mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake", najua kwamba hayakuandikwa yakinifikiria mimi, ingawa silalamiki. Ninachoomba ni kwamba kanisa likumbuke kwamba nyumba kama yangu zipo katika Biblia. Timotheo alikuwa na baba Myunani, kama Matendo 16:1 inavyosema, na imani yake Paulo anaiona kwanza kwa bibi yake Loisi na kwa mama yake Eunike. Baba hatajwi hata kwa jina, na bado kijana yule aliyajua maandiko tangu utoto. Kwa hiyo inawezekana.

Kinachonitatiza ni namna kanisa linavyonichukulia. Semina za wanandoa naambiwa nije na mwenzangu au nisubiri. Nikikosa ibada ya jioni, akina mama huulizana kama nimerudi nyuma, na hakuna anayefikiri kwamba jioni ile mume wangu alikuwa amerudi mapema na akataka tukae pamoja. Mwaka wa kwanza wa wokovu wangu sikukosa ibada hata moja, pamoja na mikesha. Mume wangu alianza kuliita kanisa "yule mume wako mwingine". Niliona kwamba ninateswa kwa ajili ya jina la Kristo. Baadaye, nilipoisoma 1 Petro 3:1-2 polepole, niliona kwamba mtume anamtaka mke amvute mumewe bila neno, kwa mwenendo, na nikajiuliza mwenendo huo mume wangu atauona saa ngapi ikiwa sipo nyumbani. Nilipunguza mikesha. Sijui kama ataamini, lakini ameacha kunitania kwa jina lile, na mwezi uliopita alimpeleka mtoto wetu mdogo shule ya Jumapili mwenyewe nilipokuwa mgonjwa, akamsubiri nje hadi akatoka.

Mchungaji, nakuomba kitu kimoja. Unapotembelea nyumba kama yangu, usije na kundi la watu saba na kuanza kuomba kwa sauti kubwa. Njoo na mtu mmoja, umsalimie mume wangu kama mwenye nyumba, umuulize habari za kazi yake. Ibada tutafanya siku nyingine.

Mchangiaji wa tatu

Nashukuru kwa mada. Nina miaka 38, sijaoa, na wazazi wangu wametangulia mbele za haki. Nyote mnaandika kana kwamba kila Mkristo anarudi mahali palipo na watu. Mimi nikitoka kanisani nafungua mlango, nawasha taa, basi. Kanisa likipunguza jioni zake ili familia zikae pamoja, jioni hizo mimi nitakaa na nani? Bwana Yesu alipoambiwa kwamba mama yake na ndugu zake wako nje wanamtafuta, aliwatazama waliomzunguka akasema hao ndio mama yake na ndugu zake (Marko 3:31-35). Nahofia kwamba tukiitukuza sana familia ya damu, tutaisahau familia hii nyingine, ambayo wengine wetu hatuna zaidi ya hiyo.

Mchangiaji wa nne

Swali fupi kwa mwanzisha mada. Ibada ya nyumbani uliianza vipi? Mimi nilijaribu mara tatu ikafa.

Mwanzisha mada

Nawashukuru wote, na nitajibu nikianza na lililo jepesi.

Ndugu mchangiaji wa nne, hata kwangu ilikufa, na iliuawa na mimi. Niliianza kwa saa nzima, pamoja na nyimbo, mahubiri na maombi ya kila mmoja kwa zamu, yaani nililihamishia sebuleni kanisa zima. Watoto walilala. Tulipoanza upya, tulisoma mistari isiyozidi kumi kutoka kitabu kimoja tukifuata mfululizo, kila mtu akauliza swali moja au akanyamaza, kisha mmoja akaomba. Dakika kumi zilitosha. Siku ambayo mimi na mama yao tumekosana, tunapatana kwanza, hata kama watoto wanasubiri. Na nadhani kusubiri kule kumewafundisha zaidi ya mistari mingi. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataka maneno ya Mungu yazungumzwe ukaapo katika nyumba yako, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo, kwa hiyo usijilaumu sana ikiwa mazungumzo yaliyo bora yametokea njiani na si katika ibada uliyoipanga.

Mama, nimeyasoma maneno yako mara mbili. Kuna jambo nataka kuliongeza juu ya Eunike. Mwanamke mwingine aliyeibeba ibada ya nyumba yake ni Susanna Wesley, mama yao John na Charles, waanzilishi wa Umethodisti. Majira ya baridi ya mwaka 1711 kuingia 1712, mumewe, aliyekuwa kasisi wa parokia ya Epworth, alikuwa London kwa shughuli za kanisa, naye akawa anawasomea watoto wake mahubiri na kuomba nao Jumapili jioni katika nyumba ya kasisi. Watumishi wakajiunga, majirani wakaja, hadi idadi yao ikakaribia watu 200. Kasisi msaidizi aliyeachwa kuiangalia parokia alimwandikia mume kulalamika. Mume akaandika kutaka mikutano isitishwe, na Susanna akajibu kwamba kama anataka hivyo, amwamuru waziwazi badala ya kumshauri, ili yeye asiwe na hatia mbele za Mungu kwa nafasi iliyopotea. Mikutano iliendelea. Nakisimulia kisa hiki kwa sababu kanisa la mahali, kupitia yule msaidizi, liliiona ibada ya nyumbani kuwa mshindani wake, na nakiri kwamba mimi pia, nikiwa kwenye kamati, nimewahi kuona hivyo. Kuhusu semina za wanandoa, una haki kabisa, na wala sina utetezi.

Mchungaji, umenigonga mahali panapouma. Sina hakika yoyote kwamba jioni itakayorudishwa nyumbani itatumika vizuri. Kanisa haliwezi kumlazimisha baba akae na watoto wake. Linachoweza kufanya ni kutompa kisingizio kitakatifu cha kutokaa nao. Kuhusu nyumba zilizofungwa, nakubaliana nawe bila sharti, na nataka niliseme wazi kwa sababu nimewahi kukaa katika kikao kilicholikosea jambo hili: mwanamke au mtoto anayepigwa asiambiwe arudi akaombe na kuvumilia. Atolewe mahali pa hatari, mhusika ashtakiwe kwa vyombo vya sheria, na kanisa limnyime nafasi ya uongozi mara moja. Anayeinukuu Waefeso 5 ili ampige mkewe aisome hadi mstari wa 28 na 29. Katika kikao kile ninachokisema tulimpa mume muda wa "kujirekebisha" huku akiendelea kuongoza sifa, na mkewe alihama kanisa kimyakimya. Tuliandika katika mihtasari kwamba amerudi nyuma. Mihtasari ile niliiandika mimi.

Nimemwacha ndugu mchangiaji wa tatu mwisho kwa sababu ndiye aliyenifanya nifikiri upya. Nilipokuwa natafuta jibu nilirudi 1 Timotheo 5, ambapo Paulo anapanga utaratibu wa kuwatunza wajane. Mstari wa 4 unataka watoto na wajukuu wajifunze kwanza kuyatenda yaliyo wajibu wao nyumbani na kuwalipa wazazi wao. Mstari wa 8 ni mkali: asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani. Kisha mstari wa 16 unatoa sababu ambayo sikuwahi kuitilia maanani: familia zenye wajane ziwasaidie wenyewe ili kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia wale walio wajane kweli kweli, yaani wasio na mtu. Kumbe nyumba inaubeba mzigo wake ili kanisa libaki na mikono huru kwa ajili ya aliyeachwa peke yake. Nguvu za kanisa letu zimekuwa zikitumika kuwafanyia wenye familia kazi ambazo wangezifanya wenyewe, kuanzia kuwafundisha watoto wao Sala ya Bwana hadi kuwapatanisha kwa magomvi ya nusu saa, na wewe unayewasha taa mwenyewe hatukufikii, kwa sababu hatuna tena jioni iliyobaki.

Zaburi 68:6 inasema kwamba Mungu huwakalisha wapweke nyumbani. Kwa muda mrefu niliusoma mstari huo kama ahadi ya ndoa. Sasa najiuliza kama nyumba inayotajwa pale si ya kwangu, kwa maana ya kwamba wewe ndiye unayepaswa kuketi katika kile kiti cha mgeni alichokitaja mchungaji.

Niwaeleze tulipofikia. Baraza la wazee lilikubali, baada ya vikao vinne vilivyokuwa na joto, kwamba jioni mbili za wiki zisiwe na shughuli yoyote ya kanisa, hata mazoezi ya kwaya, na kwamba kila mzee awe na walau mtu mmoja asiye na familia anayekuja kwake katika mojawapo ya jioni hizo, akae katika ibada ya nyumbani kama mmoja wa watu wa nyumba. Wazee wawili walipinga hadi mwisho, na hoja yao kwamba sadaka ya katikati ya wiki itapungua imethibitika, kwa kuwa imepungua. Sisi tulimkaribisha mzee mmoja mjane, fundi seremala aliyestaafu. Jioni ya kwanza binti yangu alimwonyesha mahali pa kuketi, akamfungulia Biblia, halafu akamuuliza kwao ni nani aliyekuwa akiomba. Mzee yule alifikiri kidogo, akasema kwamba aliyekuwa akiomba ni mama wa watoto wake, na tangu alipofariki hakuna aliyeomba. Binti yangu akamwambia basi leo ataomba yeye, mzee akainamisha kichwa.